Motisha? Nani anipe? Takwimu na simulizi zinapokutana kwenye kazi ya mtu anayeumwa

Swali la 14 lilikuwa fupi: "Una motisha kiasi gani na kazi yako?" Chini yake zilipangwa namba, moja mpaka tano. Nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, Mwanza, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kishikwambi mapajani, na mbele yangu mama wa makamo alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja. Akaacha kugeuza, akanitazama.

"Motisha? Nani anipe, mwanangu? Mimi sijaajiriwa na mtu."

Kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Kilitaka namba tu. Nikabonyeza moja, yaani hakuna kabisa, tukaingia swali la 15. Yule mama akarudi kwenye dagaa wake. Alikuwa hapo tangu saa kumi na moja alfajiri.

Namba ile inanisumbua mpaka leo. Ukiiweka kwenye jedwali pamoja na mamia ya namba za wenzake, inasema kwamba mwanamke aliyeamka gizani, akagombania ndoo za dagaa wabichi mtumbwini, akawaanika, akawageuza mpaka kiuno kikamkaza, hana ari yoyote ya kazi. Kompyuta haitabisha. Wastani utashuka kidogo, ripoti itaandikwa, na mapendekezo yatajengwa juu yake.

Kosa lilianzia kwenye neno. Maofisini kwetu motisha ni kitu cha kupewa: posho, bahasha ya mwisho wa mwaka, cheti cha mfanyakazi bora. Tukisikia "walimu wapewe motisha", hatufikirii moyo wa mwalimu, tunafikiria pesa. Kile alichokusudia mwandishi wa hojaji, yaani ile orodha ya maswali, ni ile nguvu inayomwinua mtu asubuhi na kumpeleka kazini hata kama hakuna anayemsimamia. Hiyo kwa Kiswahili ni ari, na mitaani tunaiita moyo: fulani ana moyo na kazi yake, fulani kazi imemtoka moyoni. Yule mama alijibu kwa usahihi kabisa swali aliloulizwa. Sisi ndio tuliouliza lingine.

Utafiti wa mbinu mseto ulibuniwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Upande mmoja kuna mkabala wa kitakwimu, unaouliza wangapi, mara ngapi, kiasi gani, na kama jambo hili linapanda pale lile linaposhuka. Unataka watu wengi, waliochaguliwa kwa nasibu, walioulizwa swali lilelile kwa maneno yaleyale. Upande wa pili kuna mkabala wa kimaelezo, unaouliza vipi na kwa nini. Huo unaridhika na watu ishirini au thelathini, lakini unakaa nao muda mrefu, unawaacha waseme kwa maneno yao, na mara nyingine unawafuata kazini na nyumbani. Mbinu mseto inaiweka mikabala yote miwili ndani ya utafiti mmoja, kwa swali moja, na inadai ikutane.

Hilo la kukutana ndilo linalosahaulika. Nimesoma ripoti na tasnifu nyingi ambazo hojaji zimekaa sura ya nne, mahojiano yamekaa sura ya tano, na sura hizo hazisalimiani mpaka kitabu kinaisha. Nyingine hupamba jedwali kwa nukuu moja ya "mshiriki wa kike, miaka 34", kisha zinaitwa mseto. Unga uko nyumba hii, dagaa wako nyumba ile. Hapo bado hakujapikwa kitu.

Mpangilio unaweza kuwa wa namna tatu. Unaweza kuanza na takwimu, kisha ukawafuata watu wachache wakueleze kilicho nyuma ya namba zilizokushangaza. Unaweza kuanza na mazungumzo, ukajifunza maneno ya watu, ndipo uandike hojaji. Au unafanya vyote kwa wakati mmoja na kuvilinganisha. Kwa mada ya ari ya kazi na maisha ya kuumwa, ningeanza na mazungumzo kila mara, na sababu ni swali la 14.

Mbinu hii ina umri mkubwa kuliko jina lake. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, Marekani, majaribio yalianza mwaka 1924 kwa swali lililoonekana jepesi: je, taa kali zaidi zitaongeza uzalishaji? Wakaongeza mwanga, kazi ikapanda. Lakini ilipanda pia kwa kundi ambalo mwanga wake haukuguswa. Namba zilikuwa sahihi na hazikueleweka. Baadaye, kati ya 1928 na 1930, walihojiwa wafanyakazi zaidi ya 20,000. Wahoji walianza na orodha ya maswali, wakagundua kwamba wafanyakazi wanataka kuzungumza mambo mengine kabisa, basi wakaiacha orodha na kuanza kusikiliza.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahasibu na wahandisi wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliwaomba wasimulie siku waliyoifurahia sana kazi yao na siku waliyoichukia. Yaliyoleta furaha yalihusu kazi yenyewe: kufanikiwa, kutambuliwa, kupewa wajibu. Yaliyoleta chuki yalihusu mazingira yake: usimamizi mbaya, sera, mshahara. Ni kama Wamarekani wale waligundua tofauti ya ari na motisha ambayo Kiswahili tayari kilikuwa nayo. Lakini wakosoaji walileta hoja nzito: waliotumia hojaji badala ya simulizi mara nyingi hawakuyaona makundi hayo mawili. Mtu anaposimulia, mafanikio huyadai yeye na lawama humpa bosi. Kwa hiyo simulizi nayo ina upofu wake.

Ninaoupenda kuliko yote ni utafiti wa Marienthal, kijiji cha Austria karibu na Vienna ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa na familia nyingi zikabaki bila kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha matokeo yake mwaka 1933. Hawakuwauliza watu, "Mmekata tamaa kiasi gani, moja mpaka tano?" Walikaa dirishani na saa, wakapima mwendo wa wapita njia. Walihesabu vitabu vilivyoazimwa maktaba. Waliwapa watu karatasi za kuandika walichofanya kila saa. Walisoma insha za watoto kuhusu zawadi walizozitamani.

Kabla ya hapo mtu angetarajia kwamba asiye na kazi atasoma zaidi, kwa kuwa muda anao. Vitabu vilivyoazimwa vilipungua. Barabarani wanaume walitembea polepole kuliko wanawake na kusimamasimama njiani. Na kwenye zile karatasi za saa, wanaume walishindwa kueleza siku yao ilikwenda wapi, wakati wanawake, wenye kupika, kufua na kulea, hawakuwa na saa iliyobaki tupu. Mwendo wa miguu ulikuwa namba. Karatasi zilikuwa simulizi. Ukiviweka pamoja unaona kwamba kazi ilikuwa inawapa watu hawa kitu kingine zaidi ya mshahara: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, sababu ya kuharakisha.

Mwanza nayo ina historia yake katika jambo hili, na sisi tunaoishi hapa tunaitaja mara chache mno. Watafiti wa afya duniani wanaujua mkoa huu kwa jaribio la miaka ya 1990, lililofanyika katika jamii 12 za vijijini, ambalo lilionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Hiyo ni kazi ya takwimu tupu, na kubwa. Baada yake ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, katika jamii 20, ukiwafundisha afya ya uzazi wanafunzi wa shule za msingi. Ujuzi wa vijana ulipanda, na majibu yao kwenye hojaji yalibadilika. Vipimo vya maabara havikuonyesha kwamba maambukizi yalipungua.

Kwa bahati njema mradi ule ulikuwa na mkono wa pili. Watafiti waliishi vijijini kwa wiki nyingi, wakilala kwenye familia, wakienda shambani na kisimani na wenyeji. Walilinganisha njia tano za kupata ukweli kutoka kwa vijana: hojaji ya ana kwa ana, hojaji ya kujijazia, mahojiano ya kina, kuishi nao, na vipimo vya mwili. Wapo wasichana waliosema kwenye hojaji kwamba hawajawahi kukutana na mwanaume, huku vipimo vikisema vingine. Kwenye mahojiano ya kina baadhi yao walifunguka. Msichana aliyejibu "hapana" hakuwa mtoto mwongo. Alikuwa amekaa mbele ya mgeni mwenye karatasi, katika mazingira ambayo "ndiyo" yake ina gharama. Siku hizi nikiona jibu kwenye hojaji huanza kwa kujiuliza jibu hilo lingemgharimu nini mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kuumwa. Kiswahili kinatenganisha ugonjwa, ambao daktari anaupa jina, na kuumwa, ambako mwenye mwili ndiye anakujua. Mtu anaweza kuwa na shinikizo la damu asiumwe. Mwingine anaumwa na kila kipimo kinarudi safi. Halafu kuna neno mgonjwa, ambalo watu wa kwetu hulikwepa kadiri wawezavyo. "Naumwa" utaisikia kila siku sokoni. "Mimi ni mgonjwa" ni kauli ya mtu aliyeshalazwa.

Vipimo vya kimataifa vya ubora wa maisha huingia hapo na viatu vyake. Kimoja kinachotumika sana kina maswali 36, na kilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Katika maswali yake ya asili, mfano wa kazi ya nguvu za wastani ni kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, au kucheza gofu. Mchukue mkazi wa Bugarika au Mabatini hapa Mwanza, ambaye kila siku anapanda kati ya mawe na ndoo ya maji kichwani kufika mlangoni kwake. Ukimuuliza kuhusu gofu, hujampima. Mtafsiri mzuri haulizi neno hilo linaitwaje kwa Kiswahili. Anatafuta ni kazi gani hapa inadai jasho lilelile, na jibu analipata kwa kukaa na watu.

Hata swali likiwa zuri, kuna "Unaendeleaje?" na jibu lake: "Namshukuru Mungu." Andika namba gani hapo? Jibu hilo linaweza kuwa la mtu aliyepona, na linaweza kuwa la mtu ambaye usiku mzima hakulala lakini hataki kulalamika mbele ya mgeni. Sauti ndiyo inayotofautisha, na sauti haimo kwenye jedwali.

Tena kipimo chenyewe huhama ndani ya mtu. Aliyeugua miezi mitatu hajilinganishi na siku alizokuwa mzima, anajilinganisha na wiki iliyopita. Nne yake ya leo na nne yake ya mwaka jana hazina uzito mmoja. Gary Albrecht na Patrick Devlieger waliandika mwaka 1999 kuhusu watu 153 wenye ulemavu waliowahoji Marekani. Zaidi ya nusu ya wenye ulemavu mkubwa walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Mtu wa nje angedhani wanajidanganya. Mahojiano yalionyesha watu waliokwisha kupanga upya mwili, akili na roho yao, na waliojua wanaishi kwa ajili ya nini.

Haya yote niliyaelewa vizuri zaidi kwenye daftari la mama yangu mdogo. Alikuwa mchuuzi wa dagaa, na miaka kadhaa iliyopita akapata kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi sita. Ana daftari la shule la mistari, jalada limelainika kwa maji, kurasa zinanuka samaki. Kila siku ina mstari: tarehe, ndoo alizochukua, bei, mauzo. Alipoanza kuumwa akaongeza msalaba mdogo pembeni kwa siku asiyokwenda mwaloni.

Nilipoliona, mimi niliyezoea data, nilifurahi. Misalaba imejaa miezi miwili ya mwanzo, inapungua wa tatu, inaisha kabisa mwishoni. Ningeweza kuchora grafu palepale: ari inarudi kadiri dawa zinavyofanya kazi. Kisha nikaketi naye tuisome.

"Shikamoo mama. Hii siku ina msalaba, mbona ina mauzo?"

"Marahaba. Hiyo nilikuwa kitandani. Nikamtuma dada yako achukue ndoo mbili kwa mkopo, mimi napiga simu kwa wateja huku nimelala."

"Na hii haina msalaba, lakini haina ndoo wala mauzo."

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Hiyo nilikwenda kukaa tu. Wiki zile za mwanzo za kukaa mbali na watu zilishapita, nesi alisema naweza kutoka. Nilichoka kuwa mgonjwa. Nikajifunga khanga, nikaenda kukaa na wenzangu. Na wanione. Anayenikopesha akiona siku zinapita sipo, nafasi yangu kwenye chanja anapewa mwingine, na mitaani wanasema amekwisha."

Kwa hiyo kuwepo hakukuwa kufanya kazi, na kutokuwepo hakukuwa kuacha kazi. Hojaji yenye swali "Katika siku 30 zilizopita ulikosa kazini siku ngapi?" ingekusanya misalaba na kuipa maana isiyo yake. Lakini bila misalaba nisingejua pa kuuliza. Maswali yangu mawili bora yalitoka kwenye mistari ambayo namba zake hazikukubaliana, na nadhani hapo ndipo panapostahili muda wa mtafiti kuliko penginepo pote. Pale takwimu na simulizi zinapogombana, usikimbilie kuamua nani mwongo. Rudi kwa mwenyewe.

Kuna mitego mingine inayohitaji mtu anayeijua pwani ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika na mwalo unakuwa kimya. Timu inayofika wiki hiyo itakuta watu wamelala mchana na itaandika kwamba morali iko chini. Wavuvi nao humfuata samaki, leo Ukerewe, mwezi ujao Kome. Kwenye rejesta ya kliniki mvuvi aliyehama ataitwa mtoro wa dawa, hata kama anazichukua kituo kingine. Na anayekwenda mwaloni kuhoji wafanyakazi kuhusu kuumwa anakutana na wenye nafuu tu, kwa sababu walioshindwa wamebaki nyumbani. Utaondoka ukiamini kazi ile haiumizi.

Kwa walioajiriwa mtego uko kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ukichora tarehe za watu kurudi kazini kutoka likizo ndefu na ukaona wengi wamerudi karibu na siku ya 64, usiandike kwamba wamepona. Waulize watano kati yao. Huenda wamerudi kwa sababu ya ada za watoto. Mama yangu mdogo hakuwa na siku ya 64. Kwake nusu mshahara ilianza siku ya kwanza.

Makutano yenyewe hufanyika kwenye jedwali la kawaida kabisa. Kila mstari ni mtu mmoja, au kundi moja. Safu ya kwanza ni namba zake, ya pili ni maneno yake, ya tatu ni kile ambacho hukukijua kabla ya kuviweka pamoja. Safu ya tatu ikibaki tupu kila mahali, hukufanya mseto, ulifanya tafiti mbili. Katika mstari wa yule mama wa Ilemela ningeandika: safu ya namba, moja; safu ya maneno, "nani anipe?"; safu ya tatu, swali limeeleweka kama malipo, lifutwe. Na badala yake ningeuliza hivi: "Siku ambayo mwili hauko sawa na bado umekuja mwaloni, huwa ni kitu gani kimekuleta?"

Nilimuuliza mama yangu mdogo swali hilo. Nilikuwa nimefungua ukurasa wa mwezi wa sita, ule usio na msalaba hata mmoja, nikimwonyesha alivyopona. Alichukua daftari mikononi mwangu, akafunua kurudi nyuma mpaka mwishoni mwa mwezi wa pili, akaweka kidole kwenye mstari ule usio na msalaba wala mauzo.

"Mimi nilipona siku hii," akasema.

Kwenye kadi yake ya kliniki, siku hiyo alikuwa bado na miezi minne ya dawa. Alizimeza zote.